Ukurasa wa Tatu wa Mama Élodie

Jumamosi zote nyumba ya Généreuse ilijaa, lakini ile ya mwezi wa tano mwaka 2004 ilijaa mpaka watoto wakakalishwa juu ya mashine ya kufulia. Kama ulikuwa Mkongomani wa Mesquite, kando ya Dallas kule Texas, na hukuwahi kula sombe ya majani ya muhogo kwa Mama Élodie, ndivyo walivyomwita Généreuse, basi ama ulikuwa mgeni wa juzi ama mlikuwa mmekosana. Maombi yalianza saa nane mchana yakaisha saa kumi, na hapo ndipo watu walipokaa vizuri vitini, maana sasa zilikuja habari zenyewe: nani kapandishwa cheo ghalani, nani kanunua gari lisilokubali kurudi nyuma, binti wa nani kaonekana na kijana gani na alikuwa amevaa nini.

Siku hiyo mwenye nyumba alicheka pale wenzake walipocheka, lakini kicheko chake kiliishia menoni. Jumanne saa tatu asubuhi alitakiwa Houston, kwenye ofisi ya wanaoomba hifadhi. Afisa angemwuliza kuhusu usiku ule mumewe Gracien alipochukuliwa, kule milimani juu ya Uvira, miaka miwili nyuma. Akiaminika, yeye na binti yake wangekaa. Asipoaminika, faili lingekwenda kwa jaji, na kutoka kwa jaji, waliomtangulia walisema, njia ilikuwa nyembamba na mwisho wake ulikuwa ndege. Na kule ambako ndege ingetua walikuwepo watu ambao bado walilijua jina la Gracien na nyumba ya mkewe.

Alikwenda jikoni kuchukua sahani. Mezani alikaa Élodie, binti yake wa miaka kumi na sita, na mbele yake rundo la kadi ndogo: upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maana yake. Alhamisi alikuwa na mtihani. Kando yake alikaa Cherotich, nesi wa Kikenya wa ghorofa ya chini, ambaye ndiye angekwenda Houston kuwa mkalimani. Cherotich alikuja kula tu. Kadi zikamnasa.

"Simile," Élodie alisoma.

"Hiyo ni tashbihi. Kufananisha kwa kutumia 'kama'. Mwalimu wetu kule Kericho alitucharaza sana kwa hiyo. Nipe nyingine."

"Hyperbole. When you exaggerate."

"Chuku. Ati umelia ukajaza pipa. Mama Élodie, si unasikia? Haya maneno yote tunayo kwetu, ni vile tumeyaacha kabatini."

Généreuse akatabasamu, akanyoosha mkono juu ya meza kuzifikia sahani, na hapo akaiona karatasi. Ilikuwa imepakwa rangi. Mstari wa waridi, mstari wa njano, waridi tena, na chini kabisa, penye weupe, sahihi yake mwenyewe. Mkono ukabaki hewani.

"Élodie, hii umeitoa wapi?"

"Ni copy tu, Mama. Ile ingine iko mu bahasha." Binti hakuinua kichwa. "Miss Whitlow alisema tutafute text yoyote ya nyumbani, isiwe kitabu, tuweke rangi. Kwetu iko Biblia na matangazo ya pizza."

Yalikuwa maelezo ya kiapo, kurasa tano, yale yaliyotumwa pamoja na fomu ya kuomba hifadhi. Aliyeyaandika alikuwa Mwalimu Kalisti, na Kalisti wakati huo alikuwa sebuleni, kwenye kile kiti kizuri, akinyonya uboho. Alikuwa mwalimu Bukavu, Kiingereza alikipata Nairobi alikokaa ukimbizini miaka minne, na sasa alipakia masanduku ghalani usiku na kuwaandikia watu wake mchana. Hakumtoza mtu kitu. Alichotaka ni kiti kizuri na mfupa. Généreuse alikuwa amemweleza kwa Kiswahili alasiri nzima, mzee akaenda kuandika kwake, akarudi baada ya siku tatu na kurasa zilizopigwa taipu, akaonyesha kwa kidole: hapa. Naye akatia sahihi hapa. Kumwambia Kalisti akusomee alichoandika ilikuwa sawa na kumwambia daktari aionje dawa kwanza.

"Imejaa similes," Élodie akasema kwa fahari. "Page three peke yake ziko nne. Da Chero, geuza kwa Kiswahili, ufanye mazoezi ya Jumanne."

Akasoma, na Cherotich akafuata nyuma yake kwa sauti ya kanisani: "'Kutoka chini ya kitanda niliona panga la kamanda likipanda, liking'aa kama mwezi juu ya ziwa. Niliuona uso wake, mweusi kama usiku usio na Mungu. Na damu ya mume wangu ikateremka ngazi za nje kama mto.'"

Ilimchukua Généreuse muda kuelewa kwamba huyo "niliona" alikuwa yeye.

"Sasa nina swali la narrator," Élodie akaendelea, kalamu mdomoni. "Huyu msimulizi iko chini ya kitanda. Ngazi ziko inje. Aliona aje damu kwenye ngazi? Na uso aliuona aje, kama yeye iko huku chini? Miss atasema huyu msimulizi hatuwezi..." Hapo akainua kichwa, akaona uso wa mama yake. Kalamu ikamtoka mdomoni. "Mama. Ilikuwa hivi? Papa alikufa hivi?"

Généreuse hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu Scholastique aliingia kutafuta chumvi. Huyu alikuwa mwanamke ambaye sauti yake huingia chumbani kabla ya mwili. Alitupa jicho juu ya karatasi, akamsikia Élodie akirudia kwa Kiingereza yale maneno ya ngazi, na yeye, aliyejua Kiingereza cha kununulia nyama tu, akaimalizia sentensi yote bila kukosea neno, kama mtoto asomaye shairi mbele ya wageni.

"Eh," akasema, akifungua kabati, "na ninyi munajifunza ile yangu?"

"Yako ipi?" Généreuse akauliza.

"Ile ya mto. Njo ukurasa wangu wa tatu."

Scholastique alitoka Bunia, siku nyingi za safari kutoka Uvira. Mumewe alipigwa risasi sokoni, mchana, kati ya watu, hilo Mesquite nzima ililijua kwa sababu alilisimulia mwenyewe kila mwaka siku ileile akilia. Katika kifo hicho hapakuwa na ngazi wala panga wala mwezi.

Naye alikuwa amekwisha kwenda Houston. Alikwenda mwezi uliopita, na wiki iliyopita barua yake ilikuja: kwa jaji, mwezi wa tisa.

"Mama Scholastique," Généreuse akasema polepole, "hukutuambia walikuuliza nini."

"Waliniuliza vile Mwalimu alisema wataniuliza. Nilijibu yote kwa moyo, sikuruka hata neno. Yule muzungu akaandika, akaandika. Kisha akaweka kalamu, akanitazama. Akasema, mama, maneno haya mazuri ulifundishwa na nani?" Scholastique alikuwa bado ameshika kopo la chumvi. Alimtazama Élodie, akaitazama karatasi, akamtazama Généreuse, na ile sauti kubwa ikapungua mpaka ikawa ya mtu mwingine. "Iko ileile? Kwako pia iko ileile?"

Sebuleni watu wakaangua kicheko kwa habari ya gari lisilorudi nyuma. Généreuse alishika ukingo wa sinki. Afisa mmoja kule Houston alikuwa amekwisha kuusikia mwezi ule, na ziwa lile, na mto ule. Jumanne angeyasikia mara ya pili.

Alimwita Kalisti barazani, pale juu panapotazama maegesho. Mzee alikuja na kitambaa cha kufutia vidole, akasikiliza, akawa hatazami upande wake ila magari.

"Bon," akasema mwishowe. "Kwanza, kile ulichonieleza hakikuwa na uzito. Nakwambia kama kaka. Wale watu wanasoma mafaili mia kwa juma. Ukiwapa kitu kidogo wanalala. Nilikupa kitu cha kuwaamsha."

"Ulimpa na Scholastique. Ni kilekile."

"Sentensi nzuri haziokotwi barabarani, Mama Élodie." Alisema hivyo kwa kiburi, lakini aliendelea kufuta vidole vilivyokwisha kuwa safi. "Pili, umetia sahihi. Chini ya kiapo. Ukienda pale ukasema siyo hivi, ni hivi, nani mwongo? Mimi? Jina langu haliko popote. Mwongo ni wewe, kwa mkono wako. Basi jifunze ukurasa wa tatu kama Baba Yetu, na akikuuliza kama kuna cha kubadili, unasema *No, sir*. Maneno mawili tu."

"Na akiniuliza nimefundishwa na nani?"

Kalisti akakikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane Généreuse alimwona jinsi alivyo, mzee mwenye koti la ghalani na hofu yake. "Nina watoto wanne hapa," akasema. "Mimi mwenyewe karatasi zangu hazijatulia."

Jumapili kanisani Généreuse hakuimba. Usiku akajifunza. Élodie alimsomea ukurasa wa tatu sentensi moja moja, naye akarudia, na kila alipofika kwenye ngazi ulimi ulimganda kama mtu aliyekanyaga shimo gizani. Kila alipofumba macho alimwona afisa akiweka kalamu chini.

Jumatatu jioni walifika Katy, karibu na Houston, kwa binamu wa Cherotich, nyumba mpya yenye zulia jeupe ambalo Généreuse aliogopa kulikanyaga. Cherotich alikwenda kulala mapema kwa ajili ya asubuhi. Élodie, aliyekuwa anakosa shule siku mbili na mtihani hauna huruma, alizitandaza kadi zake kitandani. Sasa zilikuwa za sehemu nyingine ya mtihani, ya insha ya hoja.

"Nishikie, Mama. Wewe onyesha, mimi nitasema maana kwa Kiswahili, ujue kama najua."

Généreuse akazishika. Angalau mikono ingekuwa na kazi. Akainua ya kwanza.

"Claim. Ni dai. Kitu unataka watu waamini."

Ya pili.

"Evidence. Ushahidi. Siyo maneno mazuri, ni kitu mtu anaweza kushika."

Ya tatu.

"Counterargument. Hii ni ngumu." Élodie akakuna kichwa. "Ni yale adui yako atasema kukushinda. Miss anasema usiyafiche. Uyaseme wewe mwenyewe, mapema, kabla yeye hajafungua mdomo. Mahali ambapo hujui, unasema hapa sijui. Mahali umekosea, unasema hapa nilikosea. Hiyo inaitwa concession."

"Uanze kujisema vibaya wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Anasema hapo ndipo watu wanakuamini."

"Huyo mwalimu wako hajawahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha wanajeshi."

Élodie akacheka kidogo, kisha akaacha. Huko walikotoka mtu aliyejisema mwenyewe hakurudi nyumbani. Unaulizwa jina, unatoa la shangazi. Unaulizwa unatoka wapi, unatazama kwanza bunduki ni ya nani. Généreuse alikuwa amefika hai mpaka kwenye zulia hili jeupe kwa kutojibu swali lolote jinsi lilivyo, na Gracien, aliyejibu, hakufika.

"Mama," Élodie akasema, akikusanya kadi, "ile siku mimi nilikuwa kwa bibi mjini. Wewe hukunieleza kitu. Nimeisoma kwa karatasi ya Mzee Kalisti, nikapaka rangi. Kama siyo hivyo ilivyokuwa, basi mimi sijui baba yangu alikufa aje."

Généreuse alizima taa, akalala chali na macho wazi mpaka ndege walipoanza kuimba.

Ofisi ilikuwa na baridi ya friji. Élodie aliambiwa asubiri nje. Afisa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye tai iliyochorwa mabata, na bata mmoja alikuwa na doa la kahawa. Généreuse alilitazama doa hilo kwa sababu kutazama macho hakuweza. Waliinua mikono, wakaapa. Cherotich aliapa kutafsiri kila neno kama lilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kwenye meza faili lilikuwa limefunguliwa, na Généreuse, ingawa hakujua kusoma Kiingereza, aliutambua ukurasa wa tatu kwa umbo lake.

Afisa akauliza kitu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama utakunywa maji.

"Anasema," Cherotich akatafsiri, "kabla hatujaanza, kuna chochote ndani ya fomu au maelezo yako unachotaka kurekebisha?"

*No, sir.* Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamelainika kwa kutafunwa siku tatu. Angeyatema tu na swali lingepita. Jasho lilimteremka mgongoni katikati ya ile baridi. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia moyo wake masikioni, ukipiga kama mtu aliyefungiwa nje.

"Ukurasa wa tatu," akasema.

Cherotich akageuka kumtazama, kisha akakumbuka kiapo chake, akatafsiri.

"Si wangu."

Afisa hakubadilika uso. Alifungua droo, akatoa kalamu nyekundu. Ile nyekundu ilimtoa Généreuse roho. Alidhani ni ya kufutia watu. "Sehemu gani?" afisa akauliza.

"Kuanzia kwenye mwezi." Sauti yake ilikuwa nyembamba, hakuitambua. "Mwezi, na ziwa, na panga, na mto. Sikuona panga. Sikuona uso wa mtu. Damu sikuiona. Niliweka sahihi kwenye Kiingereza nisichokijua, na hilo ni kosa langu. Mimi mume wangu sijui alikufa vipi. Sijui hata kama alizikwa."

Kalamu nyekundu ikapita juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine, na pembeni afisa akaandika namba. Généreuse alihesabu mabata ya tai, akapata tisa, akarudia, akapata kumi.

"Basi niambie," afisa akasema, "uliona nini."

Hiki ndicho Kalisti alichokiona hakina uzito. Généreuse akakisema, akisimama kila baada ya maneno machache ili Cherotich afike.

"Mume wangu alikuwa nesi wa zahanati. Aliwatibu majeruhi wa upande mmoja, upande mwingine wakasikia. Walipokuja tulikuwa nyumbani, chumbani kwetu. Alinisukuma chini ya kitanda. Niliona miguu. Watatu walikuwa na buti, mmoja ana ndara. Wakasema twende. Mume wangu akasema, ngojeni nivae viatu. Akaja akakaa juu ya kile kitanda. Kilikuwa kitanda cha springi, cha zamani. Springi zikashuka zikanibana mgongo. Niliona vidole vyake. Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Mara tatu. Hakuwa mtu wa kufunga viatu vizuri, alikuwa anavaa kama mtoto. Wakamfokea. Mmoja akasema, kuna nani mwingine humu? Yeye akasema, hamna mtu, mimi peke yangu. Akafunga ya mwisho. Akasimama, na springi zikaniachia mgongo. Basi. Walitoka. Sikusikia risasi. Nilibaki pale mpaka kukakucha, nikisubiri kitanda kishuke tena."

Kwenye "zikaniachia mgongo" Cherotich alikwama. Akafuta pua kwa kiganja, kisha akalisema neno kwa neno kama alivyoapa.

Afisa aliuliza maswali, na yalikuwa madogo na makavu. Viatu vilikuwa vya rangi gani. Mlango ulikuwa upande gani wa kitanda. Wale watu walisema lugha gani. Alilojua alijibu. Asilojua alisema sijui, na kila "sijui" ilimtoka kama jino. Aliona anajichimbia kaburi mwenyewe.

Kisha likaja lile. Afisa akaegemea kiti. "Ukurasa huu nimeuona kabla yako. Nani aliuandika?"

Picha ya kitambaa kilichokunjwa mara nne ilimjia. Watoto wanne. Alijua akimtaja Kalisti atampendeza afisa, na kwamba huyu mbele yake ndiye mwenye mlango. 

"Aliyetia sahihi ni mimi," akasema. "Mtu alinisaidia kwa nia nzuri. Sitasema hakuna mtu, maana huo utakuwa uongo. Na jina sitalitaja."

Cherotich akatafsiri kwa sauti ya chini sana. Afisa akaandika mstari mmoja, akafunga faili. Warudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu.

Garini, kabla hata hawajafika barabara kuu, Élodie akauliza kutoka kiti cha nyuma. Généreuse akamsimulia, viatu na vidole na springi, na akamwona kwenye kioo binti akiwa ameinama, akizitazama kamba za viatu vyake mwenyewe. Cherotich aliendesha bila redio mpaka Dallas.

Wiki hizo mbili zilikuwa mbaya kuliko siku zile tatu. Mesquite haina ukuta. Kufikia Alhamisi ilijulikana kwamba Mama Élodie aliwekwa ndani saa tatu nzima, na kufikia Ijumaa ilijulikana kwamba kamwuza Mwalimu. Nani alisema? Hakuna aliyesema, wote walisikia. Jumamosi Généreuse alipika kama kawaida, sufuria ile kubwa, akapanga viti, akawasha feni. Alikuja Cherotich. Alikuja Scholastique, akala kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kila gari lililoegeshwa chini lilimshtua Généreuse mara mbili: mara ya kwanza akidhani ni polisi, mara ya pili akitamani awe mgeni. Élodie alikuwa amerudi Ijumaa na matokeo, tisini na moja, na nyumba ambayo ingepiga vigelegele ilikuwa na watu wanne.

Majibu walikwenda kuyachukua Jumanne. Karani alipitisha bahasha chini ya kioo. Cherotich aliisoma amesimama, na Généreuse hakumtazama mdomo ila kidole kilichofuata mistari. Kikasimama.

"Wamekubali," Cherotich akasema. "Wewe na Élodie. Mnakaa."

Alimwomba asome tena. Akamwomba asome mara ya tatu, polepole, tangu tarehe. Kisha akakaa chini palepale kwenye sakafu ya serikali na gauni lake zuri, kwa kuwa miguu haikuwa na habari kwamba hofu imekwisha.

Jumamosi iliyofuata alipika, na akaja Scholastique peke yake. Saa kumi ilipita. Saa kumi na moja mtu aligonga, naye Kalisti akasimama mlangoni katika koti la ghalani, amekonda, hajanyoa.

"Wanasema ulinitaja," akasema.

"Sikukutaja."

"Cherotich aliniambia hivyo. Nilitaka nisikie kwako." Aliingia. Hakuelekea kile kiti kizuri. Alikaa kwenye kigoda cha watoto, karibu na mlango, magoti juu. Généreuse alimpakulia, na mzee akaishika sahani bila kuigusa.

"Mama Élodie," akasema, "nina watu wanane ambao bado hawajakwenda Houston. Tisa, na Scholastique mbele ya jaji." Alitazama chini, kwenye sombe. "Ukurasa wa tatu wao wote ni mmoja."

Généreuse alisimama na mwiko mkononi. Ile baridi ya ofisi ilimrudia tena, tangu shingoni mpaka kisiginoni, na safari hii haikuwa kwa ajili yake.

"Wanajua?" akauliza.

"Hakuna anayejua. Wamejifunza kwa moyo. Mmoja anakwenda Jumatano."

"Nani?"

Élodie alikuwa ametokea mlangoni mwa jikoni, akisikiliza. Scholastique aliacha kutafuna. Kalisti aliweka sahani sakafuni na kuanza kuwataja kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, akikunja kidole kwa kila jina. Aimable na mkewe. Rosette, ndiye wa Jumatano. Mjane yule wa Fizi aliyehamia Mansfield. Josué. Hapakuwa na jina ambalo Généreuse hakulijua, na hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuwahi kumpakulia chakula kwa mkono wake. Kabla mzee hajafika kidole cha mwisho, Généreuse alikuwa amekwisha kuchukua simu, akibonyeza namba ya Rosette.